Bata wa Akida na Urefu Wangu

Mimi ni mrefu. Nalisema mapema, maana urefu huu nusura uniponze. Hata sasa nikiingia nyumba za wajukuu zangu hapa Kitangari lazima niiname mlangoni, nao hucheka. Nawaambia wacheke tu, wao wamerithi ufupi wa babu yao na hilo si kosa langu.

Nilikuwa mtoto wakati wa Mdachi, mara baada ya vita vya Maji Maji. Mama alikwisha kufariki. Baba aliingia vitani, na mambo yalipoharibika akavuka Ruvuma, tukabaki hatujui kama yu hai. Akida wa Newala akatoa amri kwamba kila nyumba ambayo mwanamume wake amekimbia itoe mtoto wa kubeba maji ya boma. Nyumbani tulikuwa bibi na mimi, kwa hiyo mtoto wa kutolewa hakutafutwa sana.

Newala watu wanakaa juu, maji yako chini. Unateremka ukingo wa mlima alfajiri na mtungi mtupu, unapanda nao umejaa, ngata imekubana kichwani, jua limeshakuwa kali na magoti yanacheza. Maji ya kupikia ya askari, sawa. Maji ya kunawa ya akida, haya, sawa. Lakini akida huyu alikuwa mtu wa pwani, na kutoka huko pwani alikuja na bata sita ndani ya tenga.

Bata, juu ya Newala. Nikisimulia najiona kama natunga. Alichimbisha shimo nyuma ya nyumba yake ili bata wapate pa kuogelea, na wa kulijaza ni sisi watoto. Sasa mchanga wa kwetu haushibi. Unamwaga mtungi mzima, unabaki unyevu tu na matope kidogo. Akida anasimama na kanzu yake safi, anachungulia, anasema, "Bado." Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Niliwachukia na bata wake, ingawa wao hawakuomba kuletwa.

Tena mimi nilikuwa na langu. Unyago wa wasichana wa rika langu ulikuwa uanze mwezi ukiandama, na sharti ni moja: siku ya kwanza uingizwe ndani, usionekane nje mpaka siku ya kutoka. Utaingiaje ndani na mtungi wa akida unakusubiri? Atakayekosa angengoja unyago mwingine, na baada ya vita na njaa ile hakuna aliyejua mwingine utachezwa lini. Wenzangu wangetoka wanawali, wanang'aa mafuta, mimi ningebaki mtoto wa kutumwa na kuwaamkia shikamoo. Hilo nililiona baya kuliko kufa. Bibi alikwenda kumwomba akida, akajibiwa kwamba nitaachwa mavuno yakiisha. Mavuno yenyewe yalikuwa haba, yakaisha upesi. Akida akasema bado.

Bibi akanipa uzi. Enzi za babu, alipokuwa akisafiri kwenda Lindi alimwachia bibi uzi wenye mafundo, naye alifungua fundo moja kila siku. Akifika la mwisho anajua leo mume wangu anarudi, anabandika chungu.

"Wewe funga badala ya kufungua," aliniambia. "Akisema hujabeba kitu, tutamwonyesha."

Basi kila safari nikafunga fundo, dogo kwa maji ya watu, kubwa kwa maji ya bata. Niliuvaa uzi shingoni. Mafundo makubwa yalikuwa yakinikwaruza mpaka ngozi ikachubuka.

Ndipo akaja mzungu wa vitabu. Hakuwa padri wala askari, wala hakutaka mpira wala nta. Alikuja kutupima. Alikuwa na fimbo ndefu yenye mistari, na koleo la chuma la kubania vichwa, na mkalimani wake, kijana wa Kiyao aliyesoma misheni ya Masasi kabla haijachomwa vitani. Aliyekubali kupimwa alipewa chumvi. Alipima urefu, kichwa, pua, unyayo, na alikuwa mkali ajabu juu ya hesabu zake. Mkalimani akisema "kama hivi" au "yapata", mzungu anang'aka. Sikio la jirani yetu mmoja alilipima mara tatu.

"Huyu bwana akikosea unywele mmoja, hali chakula," mkalimani alitunong'oneza.

Zamu yangu ilipofika nikafanya ujinga. Kulikuwa na msichana niliyemzidi vidole viwili tu, na siku hiyo alikuwa anaringa kupita kiasi. Nikajivuta kwa vidole vya miguu, visigino vikanyanyuka chini ya kaniki, nikampita kwa mbali. Mzungu akaandika. Nilizunguka siku nzima na shingo juu, sina habari.

Siku hiyohiyo alikuwa akikusanya vitu vyetu: vitana, ndonya za midomoni za bibi zetu, hata mtego wa panya uliovunjika. Alipouona uzi shingoni mwangu akaunyooshea kidole, akanitia chumvi mkononi, akauvua. Hakuuliza ni kitu gani. Nikasimama pale na chumvi yangu, na ushahidi wangu wote umefungiwa sandukuni.

Nilijua bibi atanichapa. Hakunichapa. Alionja chumvi, akasema ni nzuri, kisha akasema, "Kaufuate."

Nikamkuta mkalimani barazani kwa mzungu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Chumvi imekwisha."

"Sikufuata chumvi. Nataka uzi wangu. Mwambie bwana amechukua kitu asichokijua."

Akaniangalia juu chini, lakini akasema. Mzungu akalifungua sanduku, akautoa uzi, na kwa mara ya kwanza tangu afike akaniuliza mimi jambo lisilopimwa kwa fimbo. Tukakaa chini, tukaenda fundo kwa fundo.

"Hili dogo?"

"Maji ya kupikia ya askari."

"Na hili kubwa?"

"La bata."

"Hili?"

"La bata."

"Na haya yaliyofuatana yote?"

"Hapo bata mmoja alikuwa ameangua vifaranga."

Mkalimani alijiuma mdomo. Mzungu hakucheka. Alikuwa akiandika, akimaliza ananyanyua kichwa na kuningoja. Mtu mzima kuningoja mimi nimalize kusema, hilo sikulizoea, nikaona raha, nikaongeza na habari za magoti, na za unyago, na za akida anavyosema bado. Yote yakaingia kitabuni. Uzi lakini hakuurudisha.

Siku ya tatu Bwana Shauri akapanda kutoka Lindi na askari wake. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa maakida wote, na viboko vyake vilijulikana. Alifika amejaa vumbi hadi kwenye nyusi, akataka maji ya kuoga. Akaambiwa maji hakuna, watoto bado wako mlimani. Mzungu wa vitabu akaona hapo ndipo pake. Akatoa uzi, akaanza kumsomea fundo kwa fundo, kwa lugha yao, na sisi tulikuwa tunafika wakati huo huo na mitungi kichwani. Bwana Shauri akasimama, akaenda mwenyewe nyuma ya nyumba ya akida. Akawakuta bata wanaoga.

Sitasema aliwahurumia watoto. Nadhani alijihurumia mwenyewe. Akida alijitetea kwamba watoto wanawapenda sana bata, akaambiwa anyamaze. Ikatoka amri kwamba kuanzia leo mtoto asibebe maji ya boma, wabebe watu wazima.

Moyo wangu ukaruka. Haukukaa sana huko juu, kwa sababu akida, akiwa mtu wa pwani hakosi la kuuliza, akauliza, "Na mtoto ni yupi, bwana?"

Wakabishana. Akida alisema mwenye nguvu za kubeba mtungi si mtoto. Mkalimani, namshukuru, alisema kwa desturi ya hapa mtoto ni yule ambaye bado hajaingia jando wala unyago. Bwana Shauri akasema desturi haina kipimo, yeye anataka kitu kinachoonekana. Akashika kifungo cha tatu cha koti lake. Fimbo ikaletwa, na mzungu wa vitabu akafunga uzi wangu palepale usawa wa kifungo. Atakayeufikia uzi ni mtu mzima, aendelee kubeba. Sisi wenyewe tulikuwa tumesimama mbele yao, mitungi inatutonea mabegani, na hakuna aliyegeuka kutuuliza.

Angalia balaa hilo. Kwa bibi yangu nilikuwa mtoto mpaka niingie ndani. Kwa Bwana Shauri nilikuwa mtu mzima, kwa hiyo nisingeingia ndani. Mwezi ulikuwa uandame kesho yake. Na kitabuni nimeshaandikwa, pamoja na visigino vyangu.

Tukapangwa mstari. Bwana Shauri alikaa kwenye kiti chake, akida kando yake anahesabu atakaobaki nao. Wadogo walipita chini ya uzi wanachekelea. Yule msichana wa kuringa akapita, kwa kidole kimoja tu. Mimi ndiye niliyefuata.

Nikapiga moyo konde, nikakunja magoti ndani ya kaniki. Nilikunja kidogo kidogo, uso umetulia, naangalia mbele kama mtu aliyekuja kwenye maombi. Mapaja yakaanza kuwaka. Mzungu wa vitabu aliegemeza fimbo mgongoni mwangu, kisha akafunua kitabu chake kutafuta urefu wangu wa juzi. Akautazama. Akanitazama. Macho yake yakashuka polepole mpaka kwenye kaniki, pale magoti yalipokuwa yameivuta kwa mbele, na yakabaki hapo. Niliogopa mpaka machozi yakanijaa. Huyu ndiye asiyekula chakula kwa unywele mmoja.

"Vipi?" akida aliuliza.

Mzungu akachukua kalamu, akakata mstari kitabuni, akaandika upya kando yake. Akataja namba kwa sauti, sauti kavu, na mkalimani akatangaza, "Hajafika."

Sikuthubutu kunyooka. Niliondoka vilevile, magoti yamekunjwa, nikapita mbele ya Bwana Shauri, nikapita mbele ya akida, nikazunguka nyuma ya mihogo, hadi nyumbani. Bibi aliniona tangu mbali, akauliza kwa nini natembea kama bata. Nilipomweleza alikaa chini akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka, kisha akalia kidogo, kisha akanisukuma ndani kwa kungwi niende nikaandaliwe, asije mtu akabadili shauri.

Bata, Bwana Shauri aliondoka nao wawili. Waliobaki waliliwa, na nasikia nyama yao ilikuwa ngumu.

Mzungu wa vitabu alikwenda zake na masanduku yake, uzi wangu umo. Sikumwona tena. Aliyoandika juu yetu kurasa zote zile siwezi kujua kama ni kweli, maana mengi hakuuliza. Lakini najua kwamba huko kwao, kama mchwa hawajakila kitabu kile, kuna mstari mmoja uliokatwa, na kando yake urefu wa mtoto ambaye hakuwahi kuwepo. Huo ni uongo mtupu, aliuandika kwa mkono wake mwenyewe, na ndio uliofanya nikaingia ndani na wenzangu.