Ekai Alipotumwa Kupima Mwamba

Mwanangu, kuna siku moja ya likizo ya Agosti, mwaka jana 2012, ambayo imenikwama kooni hadi leo. Haishuki, haitoki. Leo ni Jumapili, wenzangu wote wa bweni wameenda kufua, na mimi nimebaki peke yangu hapa Lodwar na kalamu. Wewe hujazaliwa bado, na baba yako simjui ni nani, kwa hiyo usinicheke kwamba nimeanza kukushauri mapema hivi. Wazee hungoja mpaka meno yawatoke ndipo watoe nasaha. Mimi nikingoja hivyo, hasira hii itakuwa imepoa, na sitaki ipoe kabla hujaisikia. Halafu, nikuambie ukweli, mimi naogopa kusema mbele za watu. Mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo, lakini sauti inabaki tumboni.

Tulikuwa Eliye, kando ya ziwa, kwa ata. Ata ndivyo tunavyomwita nyanya. Yeye ndiye aliyetulea mimi na kaka yangu Ekai tangu mama alipofariki. Zamani alikuwa mtu wa mifugo upande wa Kakuma, ukame ukammalizia mbuzi wake, akahamia ziwani, na sasa kazi yake ni kupasua samaki na kuwaanika. Ekai alikuwa amemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani kulikuwa kunamla. Kila gari lililotoka Kakuma lilimfanya asimame. Alitaka kazi kwenye maofisi ya kule kambini kwa wakimbizi, kazi yoyote, hata ya kupakua magunia.

Sasa lazima nikueleze upepo wetu, maana huenda wewe utazaliwa mahali pengine. Upepo wa ziwa kwetu huanza usiku na asubuhi ndio unakuwa mkali kabisa. Unatoka ng'ambo, unasukuma maji mpaka ufuo wa kwetu, na mawimbi yanakuja moja nyuma ya lingine kama ng'ombe wanaokimbilia kisima. Ukitazama ng'ambo huoni mlima, unaona vumbi tu. Halafu jua likishapita utosini, upepo unachoka. Mchana wote maji yanalala, mtoto mdogo anaweza kwenda kuchezea. Jambo hili si siri. Ata analijua, mimi nalijua, na wageni walioleta simu zao kubwa walilisoma humo ndani, na simu zao zilisema kweli.

Mbele ya ufuo, kusini kidogo ya pale wageni wanapolala, kuna mwamba chini ya maji. Mawimbi yakifika pale yanainuka ghafla na kupasuka. Wavuvi wanaupita mbali. Lakini kuna watu wanaoupenda kwa sababu hiyohiyo, wale wenye mbao za kupandia mawimbi. Wanasema si mahali pa mtu anayejifunza. Na ni kweli, maana ziwa hili linapanda na kushuka, mwaka mmoja mwamba uko chini sana, mwaka mwingine uko karibu na mgongo wa maji. Simu inaweza kukuambia upepo, inaweza kukuambia wimbi. Haiwezi kukuambia kuna maji kiasi gani juu ya lile jiwe.

Hilo ndilo Daudi alilotaka kujua.

Daudi alikuwa mfanyakazi wa ofisi moja ya Kakuma, Mkenya kama sisi, amekulia pwani. Kiswahili chake kilikuwa kitamu hata mimi nilipenda kumsikiliza. Alikuja na wenzake kwa gari la ofisi, mbao zimefungwa juu. Walifika saa za mchana, maji yakiwa yametulia kama uji kwenye sahani. Wangeweza kuingia na mti mrefu, wakapima mwamba wote kwa raha zao. Hawakufanya hivyo. Walikaa kwenye viti, wakanywa soda, wakapiga picha za miti yetu ya mikoma. Mwanangu, kila nikikumbuka zile soda naona giza.

Asubuhi yake upepo ulikuwa unatupa mchanga machoni. Bosco, kijana anayehudumia wageni pale, akaja mpaka kwetu, akamsalimu kaka yangu kwa Kiturkana.

"Ejok, Ekai! Si wewe ndio samaki ya hapa? Chukua ile magogo yako uende uone mwamba."

Magogo yenyewe ni chelezo, magogo ya mkoma yaliyofungwa kwa kamba. Wavuvi wetu wanakikalia maji yakiwa mapole, karibu na nchi kavu. Kinazama nusu, miguu yako inakuwa ndani ya maji. Na hiyo ndiyo ilikuwa hesabu ya Bosco: kwa sababu chelezo kinazama kuliko ubao, kikipita bila kugusa jiwe, basi mbao za wageni zitapita vizuri.

"Upepo bado, Bosco," Ekai akasema.

"Ati upepo! Unaogopa maji kama mbuzi ya huko milimani Loima? Ama unataka mgeni ndio aende kwanza?"

Watu wakacheka. Daudi akaja, akamwekea Ekai mkono begani. "Ndugu yangu, mara moja tu. Ukipita salama na sisi tutajua ni salama. Halafu tukae tuzungumze yale mambo ya Kakuma."

Yale mambo ya Kakuma! Jana yake Ekai alikuwa amemwomba kazi. Daudi hakusema ndiyo, hakusema hapana, aliyaweka tu mfukoni mpaka asubuhi alipoyahitaji.

Mimi nikasema, "Si mngepima jana, maji yakiwa yamelala?"

"Huyu msichana amesema nini?" Bosco akauliza.

"Amesema nimletee samaki," Ekai akajibu. Wakacheka tena. Akanikonyeza, akavua shati.

Nilimwona akipiga kasia mpaka nje, akazunguka, akaja na wimbi. Alikuwa mzuri, mwanangu, sikudanganyi. Alikaa wima kama mtu aliyepanda ngamia. Halafu wimbi likainuka juu ya mwamba, maji yote yakavutwa chini, na nikaona jiwe jeusi likitokea, likimeta. Chelezo kikaangukia pale. Mlio wake haukuwa mkubwa. Kamba zilikatika, magogo yakatawanyika, na gogo moja likambana mguu kwenye jiwe kabla wimbi la pili halijamtoa.

Wavuvi wawili waliingia wakamvuta. Mguu wake chini ya goti ulikuwa umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei. Nikafunga leso yangu pale, ikalowa mara moja.

Daudi akaja mbio. Nikafikiri anakuja kumshika. Akachuchumaa, macho yake yako majini.

"Wimbi linapasukia kushoto au kulia?"

Na Ekai, mwanangu, Ekai akamjibu! Ameuma meno, akamwambia, "Kulia. Lakini linafyonza maji kwanza. Jiwe linabaki wazi."

"Linabaki wazi kabisa?"

"Kabisa."

Daudi akasimama, akawageukia wenzake. "Leo hapana. Mwamba uko juu mno. Rudisheni mbao." Kisha akamwambia Ekai, "Asante sana, umetuokoa."

Basi, huo ndio uliokuwa utabiri wao. Wengine wanasoma mawingu, wengine wanasoma simu. Wao walisoma mguu wa kaka yangu.

Wakaanza kufunga mbao juu ya gari. Walizifunga kwanza kwa blanketi zisikwaruzwe. Mmoja wa wavuvi akamwomba Daudi wampeleke Ekai hospitali Lodwar. Daudi akaonyesha huzuni, akasema gari ni la ofisi, haliruhusiwi kubeba mtu asiye wa ofisi, ni sheria, yeye hawezi kuivunja. Labda lori la samaki likitoka Kalokol litapitia huku.

Hapo ndipo ata akafika. Alikuwa ametoka kwenye vichanja vyake, magamba ya samaki yamejaa mikononi. Hakupiga kelele. Alimtazama Ekai, akautazama mguu, akaenda akakaa mchangani mbele ya gari, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza kwenye bampa. Kisha akaanza kusema kwa Kiturkana, polepole, na akaninyooshea kidole nitafsiri.

Watu wote wakanigeukia. 

"Nyanya anasema, tafadhali, kama inawezekana..."

"Mimi sikusema tafadhali," ata akanikatiza. Kiswahili chake ni kidogo, lakini hilo neno alikuwa analijua. "Sema vile nimesema."

Nikasema vile alivyosema. Sauti ilitoka, sijui ilitokea wapi. Nikamwambia Daudi kwamba kule kwetu, laga, yaani mto wa msimu, ikikauka, tunachimba visima kwenye mchanga, vinakwenda chini sana, na kuta za mchanga huwa zinaanguka. Ukitaka mtoto wa mtu ashuke kisimani akutekee maji, unakwenda kwa mzazi wake, unamwomba kwa mdomo wako, watu wakisikia. Akikubali, unasimama ukingoni wewe mwenyewe mpaka mtoto atoke. Huendi kivulini. Hutumi mtu asimame badala yako. Kisima kikimwangukia, ni wewe utakayechimba kwa mikono. Kwa hiyo ata anauliza: nani alikuja kuniomba mtoto? Na mlikuwa mmesimama wapi?

Daudi akasema kwa upole wake uleule, "Mama, hakuna aliyemlazimisha. Kijana alikwenda mwenyewe. Muulizeni."

"Ni kweli, ata," Ekai akasema pale chini. "Nilienda mwenyewe."

"Wewe nyamaza," ata akamwambia. "Kila mtoto husema ataenda mwenyewe. Ndiyo maana anaombwa mzazi."

Hilo nililitafsiri bila kuulizwa.

Bosco akajaribu kuingilia. "Ata, wewe unafukuza wageni. Sisi tutakula nini?" Ata akamtazama kuanzia juu mpaka chini. Bosco alikuwa bado ameshika ndala za Daudi mkononi, tangu asubuhi amemshikia. Akaziona mwenyewe, akaziweka chini, akaondoka.

Daudi aliangalia saa yake. Akawaangalia wenzake, nao wakaangalia ziwa. Mwishowe akafungua mlango wa nyuma. "Haya, mwingizeni. Lakini wekeni kitu chini ya mguu, viti visichafuke."

Nikavua sweta yangu ya shule nikaiweka. Njia nzima mpaka Lodwar hakuna aliyezungumza yale mambo ya Kakuma.

Mguu ulipona, lakini vibaya. Sasa Ekai anatembea akiinamia upande mmoja. Alikwenda Kakuma mwenyewe kuomba kazi ya kupakua magunia, wakamwambia ni kazi ya kusimama siku nzima. Daudi alikuwa amehamishwa. Wala Ekai hana hasira naye, hilo ndilo linalonimaliza. Akikaa na vijana wenzake anajiita Hali ya Hewa. "Mimi ni Hali ya Hewa ya Eliye, muulizeni mguu wangu kama kesho kuna mawimbi." Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi huondoka. Nikimwambia walikukosea, ananijibu, "Dada, walikuwa wageni. Ungetaka niseme nini?"

Sasa, mwanangu, nisikilize. Mtu akikuuliza maji yako vipi, mwambie yote unayoyajua, usimfiche hata kidogo, maana kumficha mtu hatari ni ubaya. Lakini mwambie ukiwa umesimama mchangani. Akitaka kujua zaidi ya hapo, aingie yeye, au angoje maji yalale. Akikuita ndugu wakati anakutuma mahali asikotaka kwenda, tazama kama miguu yake imelowa. Akikucheka kwamba unaogopa, mwache acheke, kicheko hakivunji mfupa. Na akikuahidi kazi, mwulize kazi hiyo kabla hujaingia majini, si baada. Usiseme ulienda mwenyewe. Ukiwa na njaa na mtu anajua una njaa, hukwenda mwenyewe.

Lakini kuna jambo lingine, na hili naliandika kwa mkono mzito. Mimi ninasoma ili siku moja nipate kazi kama ya Daudi. Nitakuwa na ofisi, labda na gari, na wewe utakua ukiona watu wanasimama gari letu likipita. Hakuwa mtu mkali, Daudi. Alikuwa mpole, alisema asante. Kwa hiyo usidhani utajijua kuwa mwema kwa upole wako. Siku utakapotaka kujua kama kitu ni salama, na ukaona kijana yuko karibu, na mkono wako unaenda begani kwake wenyewe, urudishe. Nenda kamtafute aliyemzaa au aliyemlea, umwombe. Akikataa, rudi nyumbani na ubao wako. Akikubali, ingia maji mpaka kifuani usimame hapo, umngoje.

Akuj, Mungu wetu, akupe macho ya kuuona upepo ungali mbali. Akupe mdomo unaotoa maneno kama yalivyo, si kama wa mama yako unaotanguliza tafadhali. Akupe watu watakaokaa mbele ya gari kwa ajili yako, nawe akupe nguvu ya kukaa mbele ya gari kwa ajili ya wengine. Na miguu yako miwili, mwanangu, uzeeke nayo yote, ikiwa imenyooka.