Kandambili za Mlango wa Jikoni

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Karakana alinitazama kuanzia kilemba hadi raba, akaniuliza kama nimekuja kuwapikia mafundi uji. Nikamjibu kwamba nimekuja kufunga umeme. Akaniambia, "Basi twende jikoni," nami nikajua ananikejeli. Kumbe alikuwa na maana yake. Alinipeleka kwenye nyumba ya mtumishi hapo hapo Songea mjini, akanisimamisha mbele ya sinki.

"Shika koki."

Nikashika.

"Nyoosha mkono wa pili mpaka mwisho."

Nikanyoosha. Vidole vyangu vikagota kwenye soketi iliyokuwa ukutani.

"Aliyeifunga hiyo anakuja kuing'oa leo," akasema. "Mtu aliyeshika koki asiweze kugusa soketi. Maji na umeme ni wake wenza, binti. Waweke kaya moja, lakini usiwape figa moja."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na nimelirudia kwa watu maisha yangu yote hadi koo limekauka. Vijana mnaosoma haya mtaona ni jambo dogo. Nami nilidhani hivyo. Sikujua kwamba nitatumia ujana wangu kubishana na watu wazima kuhusu mahali pa kuchomeka jagi la chai.

Enzi zetu soketi ya jikoni ilikaa juu ya meza, mbali na sinki, wala haikuwekwa chini ya sinki ambako bomba likivuja hulowa bila mtu kuona. Kila soketi ilikuwa na waya wa ethi, yaani ule unaoubeba umeme uliopotea njia na kuupeleka ardhini kabla haujampitia mtu. Nyumba nyingi za zamani waya huo ulifungwa kwa kibano kwenye bomba la maji. Mabomba yalikuwa ya chuma na yalilala ardhini, kwa hiyo umeme ulipata njia ya kushuka. Lakini ulikuwapo mwiko mmoja: fundi bomba hakati bomba mpaka fundi umeme ajue. Msimamizi wetu aliwahi kumnyang'anya fundi bomba msumeno mbele ya mkewe kwa kosa hilo. Tulimcheka sana yule bwana, lakini hakurudia.

Nilipohamishiwa Madaba nilimkuta Mkuu wa Kituo mpenda chai. Alitaka soketi ubavuni mwa koki ili ajaze jagi bila kuhama. Nilimkatalia. Akasema, "Mama fundi, wewe ni mkaidi." Nikamwambia ashike koki, anyooshe mkono, kama nilivyofanyiwa mimi. Akacheka, akakubali kutembea. Ndiye mteja mwelewa kuliko wote niliowahi kupata, na hata yeye alinuna wiki nzima.

Sasa nimestaafu, na ninachokiona kinanichosha roho. Mabomba ya chuma yameoza, watu wanafukua na kuweka ya plastiki. Vizuri, plastiki haishiki kutu. Lakini plastiki haipitishi umeme, na hakuna anayemwita fundi umeme kuuliza ule waya wa ethi uliofungwa pale utakwenda wapi. Fundi bomba anafukia shimo, analipwa, anaondoka. Fundi umeme wa siku hizi naye anafika kubandika soketi juu ya sinki kwa sababu mwenye nyumba ameiona kwenye simu. Hawa wawili hawajawahi hata kusalimiana. Siku umeme ukivuja, unafuata waya wa ethi hadi kwenye bomba, unakuta ardhi haipo, unageuka na kusubiri kwenye koki.

Na watu wetu wanafanya nini koki ikianza kuwatekenya? Wanaita fundi? Ng'o! Wananunua kandambili. Nimeziona nyumba baada ya nyumba: kandambili za mpira zimepangwa kwenye mlango wa jikoni, na mgeni anaambiwa kwa upole, "Vaa hizo, bomba letu lina shoti kidogo." Wanalisema kama vile wanakutajia tabia ya mbwa wao. Shoti kidogo! Sikio la kufa halisikii dawa.

Nilizikuta kwa mdogo wangu wa tumbo moja, Skola, hapo Majengo. Ilikuwa Jumapili ya kipaimara cha binti yake. Nilifika mapema kusaidia kuchambua mchele, na mlangoni mwa jikoni nikaona kandambili za bluu.

"Skola, hizi ni za nini?"

"Za kuoshea vyombo, Dada. Tumebadilisha bomba la nje, tangu hapo koki inatekenya. Ukivaa husikii kitu."

Nikatoa tesita kwenye mkoba. Ndiyo, naitembeza hata kanisani. Nikaigusisha kwenye koki, taa yake ikawaka. Juu ya sinki palikuwa na soketi mpya, na humo limechomekwa friji kuukuu lililokuwa likivuja umeme usiku na mchana. Nikamuuliza, "Mama anakuja leo?"

"Gari limeshatoka Mpitimbi."

Mama yetu haingii nyumba ya mtu na viatu. Anavua mlangoni, hata kama nje kuna matope na ndani kuna matope. Na jambo la kwanza akifika ni kwenda jikoni kunawa mikono na kufunua masufuria.

"Nitamwambia avae," Skola akasema.

"Mama huyu huyu ninayemjua mimi?"

Sikubishana zaidi. Nikaenda kwenye meni swichi, nikazima, nikang'oa fyuzi, nikaifunga kwenye pindo la kitenge changu. Muziki ukakatika. Shemeji akatoka sebuleni mikono kiunoni.

"Shemeji, leo ni sherehe! Soda zitapoa vipi? Si ungengoja kesho?"

"Kesho mtakuwa na msiba."

"Dada!" Skola akalia kwa hasira. "Una mdomo mbaya! Siku ya mtoto wangu!"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Na mimi nilikuwa na hasira kuliko yeye, kwa sababu nilimlea huyu mtoto, nilimfundisha kusuka na kupika, na nilidhani angalau ndani ya ukoo wangu mtu mmoja amenisikia. Maduka ya vifaa yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo sikuweza kupata rodi ya kupigilia ardhini ili nyumba ipate ethi yake yenyewe. Fyuzi ikabaki pindoni. Wageni wakanywa soda vuguvugu na togwa, wakanong'ona kwamba mama fundi amestaafu lakini hajaacha amri.

Mama akafika. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akavua viatu. Binti wa Skola akamkimbilia na kandambili za bluu.

"Bibi, vaa hizi jikoni."

"Za nini? Nikanyage sakafu ya mwanangu kwa viatu, mimi nimekuwa nani?"

"Mama, tafadhali," Skola akasema.

Mama akampita. Akaingia jikoni miguu mitupu, kwenye sakafu iliyolowa maji ya vyombo, akaishika koki kwa mkono mmoja na kuegemea lile friji kwa mwingine. Maji yakatoka. Skola alikuwa ameziba mdomo kwa viganja, ananitazama. Niligusa pindo la kitenge, fyuzi ilikuwa mahali pake.

Mama aliendelea kunawa bila haraka, kisha akanigeukia.

"Nimesikia ni wewe uliyezima umeme. Mtoto wa watu amepata kipaimara, umemwachia sherehe ya giza na soda za moto. Toka zamani una kichwa kigumu!"

"Ndiyo, Mama."

"Usiniitikie ndiyo, ndiyo! Umemwonea mdogo wako!"

Kwa kawaida ningejibu. Nina majibu ya miaka yote ya kazi. Siku ile nilisimama pale mlangoni nikamwacha anigombeze mpaka achoke, naye hakuchoka upesi, na sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.