Nyumba ya Bibi Harusi Ndani ya Chumba cha Udi

Mimi ni fundi cherehani, na ukinisikia nasema nina studio usinicheke. Ni chumba cha pembeni hapa kwangu Garissa: kuta za mawe, sakafu ya saruji, mabati juu, na dirisha moja linalotazama mbuzi wa jirani. Humo nina udi aliouacha marehemu baba, kompyuta ndogo ya mtumba, na maikrofoni niliyoipata kwa kumshonea mwenye nayo nguo za Idi za familia nzima. Mombasa nilikozaliwa, huwezi kupita mitaa miwili bila kumsikia mtu na udi wake. Huku nilikomfuata mume wangu kikazi, mpiga udi mtaani kwetu ni mimi peke yangu, kwa hiyo sifa zote ni zangu na hakuna wa kunipinga.

Chumba chenyewe, lakini, kilikuwa na tabia ya mtu asiyejua kuweka siri. Ukikiambia neno moja kinakurudishia matatu. Piga kofi, ukuta wa kushoto ujibu, wa kulia ujibu, na mabati nayo hayakubali kupitwa. Nilikuwa nimezoea. Niliporekodi udi wangu na kuwatumia ndugu zangu Mombasa, waliniambia unasikika vizuri kama uko msikitini, na mimi nikafurahi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Jirani yangu mwenye mbuzi ni mama mtu mzima, mjane, Msomali wa Fafi aliyehamia mjini zamani. Mimi namwita eddo, yaani shangazi, naye huniita abaay, dada. Kiswahili chake ni cha sokoni. Ngeli amezipunguza, ukali hakupunguza. Yeye ndiye mtungaji wa buraanbur mtaani, zile tungo ambazo wanawake wa Kisomali humghania bibi harusi huku wenzao wakipiga makofi na kucheza. Mimi nawashonea maharusi nguo, yeye anawapa maneno, na tumekutana katika harusi nyingi hata tunajuana nani kati yetu hupenda shingo ya mbuzi na nani hupenda ini.

Binti yake, wa pekee, anaishi nchi ya mbali yenye theluji, na alikuwa anaolewa hukohuko. Eddo aliomba viza, akanyimwa. Alikuja dukani kwangu, chumba cha mbele ninachoshonea, akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua viatu, akasema, "Nimeimbia mabinti ya watu wote. Ya kwangu naimbia nani? Ukuta?"

Alikuwa amejaribu kujirekodi kwa simu. Mara mbuzi wakalia, mara jenereta ya jirani ikaingilia, mara mtu akabisha hodi. Nami, kwa kujitapa kwangu, nikamwambia, "Eddo, umesahau mimi nina studio?"

Tukaingia chumbani, akafumba macho, akaghani. Wallahi nilisisimka. Kisha nikamwekea rekodi ajisikilize. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisa kichwa.

"Huyu nani anaimba ndani ya tangi?" akauliza.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mtoto akisikia hii atasema mama iko mbali. Mimi najua niko mbali. Nataka asikie mama iko karibu." Kisha akavaa viatu vyake akaenda kukama mbuzi.

Maneno hayo yaliniuma, maana yalikuwa kweli tupu. Mwangwi ndio umbali. Mtu akikunong'onezea sikioni husikii ukuta wowote, unamsikia yeye. Nikaapa kwamba chumba hiki kitafunga mdomo kabla ya harusi, nacho kifunge kwa vitu nilivyo navyo, kwa sababu vile vya dukani Nairobi ni vya watu wengine.

Sasa, kila mtu utakayemwuliza habari za mwangwi atakwambia trei za mayai. Hata asiyejua udi una nyuzi ngapi, trei za mayai anazijua. Nikazunguka mahoteli ya karibu na soko nikiokota trei, nikarudi nimejitwika kichwani. Gundi nikapika mwenyewe ya unga wa ngano, nzito, nzuri, nikazibandika ukutani mpaka chumba kikawa na vipele. Nikapiga kofi. Chumba kikajibu vilevile, labda kwa adabu kidogo. Nikajifariji kwamba gundi bado mbichi. Joto lilikuwa limenishinda, nikaacha mlango wazi kipate hewa, nikaenda kuswali Adhuhuri.

Niliporudi niliwakuta mbuzi wa eddo wamesimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele wameegemeza ukutani, wanakula studio. Mbuzi wa Garissa hula katoni kavu bila kulalamika, mimi nilikuwa nimewatilia na mchuzi. Mmoja alinitazama, kipande kikining'inia mdomoni, akaendelea kutafuna. Niliwafukuza kwa kandambili na matusi ya Mombasa ambayo bahati nzuri mtaani hakuna anayeyaelewa. Eddo alipoambiwa alicheka kwa mara ya kwanza tangu habari ya viza, akasema maziwa ya kesho yatakuwa na mayai.

Nikatulia nikafikiri kama fundi. Trei ya yai ni nyepesi, na sauti haiogopi kitu chepesi. Inaogopa kitu kinene, laini, chenye matundu, cha kuizubaisha humo ndani hadi ichoke. Na kitu kinene na laini ninacho, mabaki ya vitambaa yanajaza magunia chini ya meza yangu. Nikaomba mbao za makasha ya maduka, nikagonga fremu za urefu wa mtoto, nikazijaza mabaki, taulo zilizokwisha na blanketi moja ambalo mume wangu bado analiulizia. Juu nikavika leso zangu za zamani. Fremu sikuzigandamiza ukutani, niliacha nafasi ya kiganja nyuma yake, ili sauti ikishapita kwenye kitambaa igonge ukuta na irudi ipite tena humo humo. Nyingine nikazisimamisha kwenye pembe, ambako ngurumo za chini hupenda kujikusanya. Leso zina majina yake, kwa hiyo kuta zangu sasa zilikuwa zinasema wazi "Nimeridhika na changu" na "Jirani usinichunguze."

Kofi likafifia, kweli likafifia. Udi ukawa mtamu, nikausikia mpaka kucha inavyokwaruza uzi. Nikamwita eddo aghani tena, akasikiliza tena.

"Tangi sasa iko na maji nusu," akasema. "Nzuri. Lakini bado tangi."

Yalikuwa ni mabati. Sauti yake kubwa ilikwenda juu moja kwa moja na kurudi imebeba bati. Vitambaa vilikuwa vimeniishia, mbao zilikuwa zimeniishia, na harusi ilikuwa inakaribia.

Asubuhi moja nikaenda jikoni kwa eddo kumrudishia bakuli. Nikainua macho, nikaona juu ya boriti mikeka imeviringishwa, mirefu na minene ajabu. Nilikuwa nimeiona siku zote bila kuitazama. Upande mmoja imesukwa laini, upande wa pili ina manyoya ya nyuzi marefu kama kondoo ambaye hajanyolewa. Nikapiga kofi karibu nayo. Kofi likafa papo hapo.

Nikasema kwa pupa, "Eddo, hii! Nipe niipigilie misumari juu, chini ya mabati."

Eddo akaweka birika chini. Akaniambia polepole, kama mtu anayeongea na mgeni, kwamba mikeka ile ameisuka Bura mtoto akiwa mgongoni, na nyuzi zake ni magome ya mgunga aliyoyatafuna kwa meno yake ili yalainike. Kwao mama humsukia binti yake mikeka ya aqal, ile nyumba ya fito na mikeka ya wafugaji, na siku ya harusi wanawake wa ukoo humjengea. Mume huingia katika nyumba ya mke, si kinyume chake. "Hii si mkeka. Hii nyumba," akasema. "Wewe unataka kupiga nyumba ya mtoto wangu msumari?"

Ningenyamaza hapo. Lakini mimi ni mimi. Nikasema, "Eddo, mtoto anaishi ghorofani kwenye theluji. Nyumba hii ataijenga wapi?"

Alichukua bakuli lake mkononi mwangu. "Nenda nyumbani, abaay," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, ndiyo maana niliumia. Mume wangu nilipomsimulia alisema kwamba mdomo wangu ungekuwa sindano, nguo za wateja zingekuwa tayari kabla hawajazileta.

Siku kadhaa hatukusemezana. Nikashona bila kuimba. Kisha asubuhi moja nikasikia zogo nje, nikafungua mlango nikaona mkokoteni wa punda umejaa fito zilizopindwa, mikeka na kamba, na nyuma yake eddo na wanawake wa mtaa mzima, wamejifunga vitenge viunoni kama wanaokwenda vitani.

"Haipigwi msumari," eddo akasema, akinipita mlangoni. "Inajengwa."

Wakajenga. Ndani ya chumba changu, wallahi, chini ya mabati yangu, wakasimamisha nyumba. Meza ikatolewa, mlango ukang'olewa bawaba kwa sababu fito zilikataa kupita, na mume wangu akaambiwa akanywe chai kwingine maana kazi hii si ya wanaume. Fito ziliinamishwa kutoka pande zote zikakutana juu, zikafungwa kwa kamba, fundo juu ya fundo. Mimi na ushonaji wangu wote niliambiwa fundo langu ni la mtoto, likafunguliwa, nikafunga tena. Mikeka ikapandishwa moja juu ya nyingine, manyoya nje. Wakati wote huo waliimba, na kadiri mikeka ilivyoongezeka nilisikia nyimbo zao zikibadilika. Kila mkeka ulimeza kipande cha mwangwi, mpaka ikabaki sauti ya watu peke yake. Kati ya mikeka na mabati kulibaki hewa, na kati ya mikeka na kuta kulikuwa na leso zangu. Hata ningekuwa na fedha zote za Nairobi nisingepanga vizuri zaidi.

Mlango wa aqal ni mfupi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama, nikaingia na maikrofoni. Ndani kulikuwa na giza la kahawia na harufu ya moshi wa zamani, maziwa na uvumba. Nikapiga kofi. Lilisikika kofi, basi. Nikapiga tena kwa furaha tu, na machozi yakanitoka, nikawaambia wanawake ni joto.

Eddo akaketi, akafumba macho, akaanza. Alianza kwa kumtaja mama yake, na mama wa mama yake, mpaka akamfikia binti. Nilikuwa nimewakanya wenzake wakae nje kimya. Alipofika ubeti wa pili, mmoja akapiga kigelegele. Nikatoka nimefura. "Nimesema kimya, jamani, tunarekodi."

Eddo akaita kutoka ndani. "Abaay, buraanbur bila makofi ni mtu anaongea peke yake. Waingie."

Wakaingia wote, tukabanana goti kwa goti, jasho likitutiririka, na nikagundua kwamba wanawake wanene waliovaa nguo nyingi ni vizuizi bora vya mwangwi kuliko fremu yoyote niliyogonga. Akaghani tangu mwanzo. Makofi yakaitika. Mimi pia nilipiga, nikaisahau kompyuta, na kwa rehema za Mungu yenyewe haikusahau. Nilipomwekea eddo rekodi, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja tu, "Tuma."

Siku iliyofuata harusi, binti alipiga simu. Eddo alikuja nayo mbio dukani kwangu, imewekwa sauti kubwa, nami nikaacha cherehani.

"Hooyo," binti alisema, yaani mama, kwa Kisomali ambacho harusi nyingi zimenifundisha, na alikuwa amechanganya kilio na kicheko. "Ukumbi ulikuwa umejaa. Hawakuniambia, waliiweka tu rekodi. Sauti yako ilipoanza, niligeuka."

"Uligeuka?" eddo akauliza.

"Niligeuka nyuma kukutafuta. Nilijua umefika. Nilisimama kabisa." Kisha akauliza, "Ulirekodi ndani ya aqal, sivyo? Kama kwa bibi kule Bura."

"Ndani ya yako," eddo akasema.

Kisha binti akasema, "Usiibomoe. Nakuja na mume wangu, aingie nyumbani kwangu."

Kwa hiyo haijabomolewa. Napiga udi wangu humo kwa ruhusa, nikiinama kila nikiingia, mpangaji ndani ya chumba changu mwenyewe. Mbuzi wamejaribu mara moja kuonja mikeka, na adhabu waliyopata kwa eddo imewatosha. Na mteja yeyote akiingia dukani akamkuta eddo amekaa kwenye kile kiti, iwe amekuja kupimwa gauni au kupunguza suruali, lazima kwanza ashikwe mkono na kuambiwa, "Aligeuka. Mtoto wangu aligeuka."