Mabinti Saba wa Afande Lakot

Mimi ni mpishi wa shule, kwa hiyo habari za kelele usinifundishe. Miaka mitatu bendi ya shule yetu hapa Bwera ilifanyia mazoezi nyuma ya jiko langu, kwa kuwa walimu wengine waliifukuza madarasani. Nilisonga posho, ugali wetu wa mahindi, huku tarumbeta zikipanda na kushuka, kupanda na kushuka, wimbo hata mmoja hakuna. Siku moja nilitoka na mwiko mkononi.

"Afande, hawa watoto watapiga wimbo lini?"

"Wakijua skeli, hiyo panda-shuka unayoisikia, Mama Masika." Wala hakugeuka kunitazama.

Ndivyo alivyokuwa Lakot. Mwacholi, mrefu, mgongo umenyooka. Alipiga tarumbeta katika bendi ya polisi mpaka akastaafu, akaja Kasese kumfuata mumewe, mwanajeshi. Mume alipohamishwa tena, yeye alikataa kufunga mizigo. Alisema amechoka kuhamishwa kama kitanda cha kambini. Akaja kwetu kufundisha.

Kilichomshinda mwanzoni ni shapu, zile alama za mwanzo wa mstari zinazopandisha sauti nusu ngazi. Ziko saba na zina mpangilio wake: F, C, G, D, A, E, B. Watoto wanazikariri Jumatatu, Jumanne zimeyeyuka.

Basi jioni moja akanisikia nikiwaita mabinti zangu kula. Masika, Biira, Kabugho, Mbambu, Ithungu. Akauliza kwa nini kila nyumba ya Bwera ina Masika. Nikamwambia, sisi Wakonzo jina la mtoto linamngoja tumboni. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, hivyo hivyo mpaka Kyakimwa wa sita na Nziabake wa saba. Akahesabu kwa vidole.

Kesho yake aliandika majina saba ubaoni, kila moja chini ya shapu yake. "Ukiona shapu moja, nyumbani yuko Masika peke yake," akawaambia. "Zikiwa tatu, wako Masika, Biira na Kabugho. Nani amewahi kuona Kabugho akimtangulia Masika kuzaliwa?" Watoto wakacheka, na tangu siku hiyo hakuna aliyesahau.

Mwaka 2014 ikaja barua. Wafadhili waliotupatia vyombo vya muziki walikuwa wanamtuma mkaguzi kutoka Kasese mjini, Bwana Syahuka, na lori lake. Bendi isiyojua kusoma muziki, vyombo vyake vingepelekwa mjini. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Enoka, aliogopa. Akamwamuru Lakot aache skeli, awakaririshe watoto nyimbo tatu tu.

"Kasuku naye anaimba," Lakot akasema. "Mimi sifundishi kasuku."

"Vyombo vikienda, na wewe unaenda."

"Sawa. Andika hivyo, nitatia sahihi."

Nilimkasirikia, sifichi. Ithungu wangu alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na tarumbeta ndiyo kitu pekee duniani alichowahi kupewa yeye kwanza. Nguo zake zilipitia migongo minne. Baba yake alipoambiwa ni msichana tena, wa tano, alivuka mpaka wa nchi pale Mpondwe kwenda kutafuta mvulana, na nadhani bado anatafuta. Nikamwendea Lakot. "Kiburi chako kitamnyang'anya mwanangu."

"Mwanao anajua," akanijibu. "Wewe ndiye hujui kama anajua." Nilirudi jikoni nimenuna.

Siku ikafika. Lori likasimama langoni, nyuma wazi. Bwana Enoka alijipenyeza kati ya watoto akiwanong'oneza wapige wimbo wa taifa tu, huo wanaujua. Bwana Syahuka akasema wimbo wa taifa hataki. Akaweka karatasi ya muziki kwenye kibao, akamwita aliye mdogo kuliko wote. Ithungu. Niliacha sufuria motoni nikasogea mlangoni.

Akaitazama karatasi. Nikaona midomo yake ikicheza.

"Unasema nini?" mkaguzi akauliza.

"Masika, Biira, Kabugho, Mbambu. Wamezaliwa wanne." Akainua macho. "Mimi bado."

Bwana Enoka alifumba macho kwa aibu. Lakot hakusogea. Ithungu akapiga ukurasa mzima, polepole, bila kukwama. Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Huyu amekaririshwa," akasema. "Nimeshaona ujanja huu kwingine."

"Basi badilisha," Lakot akamwambia. "Kalamu si unayo?"

Bwana Syahuka akachomoa kalamu, akachora alama ya tano mwanzoni mwa kila mstari, taratibu, huku akimtazama Lakot. Halafu akamgeuzia mwanangu karatasi.

"Na sasa?"

Ithungu alihesabu tena. Alipofika wa tano alisimama, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata pale mlangoni na mwiko wangu.

"Sasa nimezaliwa," akasema, akainua tarumbeta.

Posho iliungua siku hiyo, watoto wakaila hivyo hivyo. Lori lilirudi Kasese tupu.