Filamu ya Helikopta

Nakumbuka siku ambayo helikopta ilitua kwenye malisho yetu hapa Kemambo, ng'ombe wa watu wakatawanyika mpaka mtoni. Mwanangu Ghati, usinune, nisikilize. Najua filamu yako haikupata watu, na umesema kamera utaiuza. Utaamua mwenyewe. Lakini mimi baba yako mkubwa niliwahi kuigiza kwenye filamu kubwa kuliko yako, ikaanguka vibaya kuliko yako, na sababu naijua kwa kuwa nilikuwa ndani yake.

Waliokuja kuitengeneza walitoka mbali, na magari, jenereta, mpishi wao, hata mtu wa kushika mwamvuli tu. Hadithi ilikuwa ya wizi wa ng'ombe. Mimi nilikuwa kijana mwenye kifua, nikapewa kazi ya kukaa mlangoni nikinoa panga. Wezi wanaswaga ng'ombe, mama mwenye mali anapiga yowe, shujaa anawafuata peke yake kwa helikopta. Sisi wengine tuliambiwa tukae tutazame. Nikakaa. Kwetu yowe likipigwa hata mgonjwa anatafuta fimbo, hilo nalijua tangu utotoni, lakini nani angefungua mdomo? Nilikuwa naonekana kwenye kamera, mwanangu, raha yake acha tu.

Ilipokamilika wakaileta Tarime mjini. Siku ya kwanza ukumbi ulijaa, wengine wakachungulia madirishani. Babu yako alivaa koti lake la kanisani akakaa mbele. Yule mama alipopiga yowe, watu walinyanyuka kwenye viti kabisa. Halafu nikaonekana mimi, nimekaa, nanoa panga. Ukumbi mzima ukacheka. Shujaa alipolipua lori la wezi hakuna aliyejali, walikuwa bado wanaulizana yule kijana ana ugonjwa gani.

Babu yako hakucheka. Tulipotoka nje aliniuliza, "Ulimsikia yule mama?"

"Baba, ile ni filamu tu."

"Nimekuuliza, ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Basi ungesimama. Wangekufukuza, ungerudi nyumbani ukiwa mtu."

Niliumia kuliko kama angenichapa.

Kesho yake ukumbi ulikuwa mtupu. Nikadhani ni sisi tu wa huku, tunaojua mambo ya ng'ombe. Baadaye dereva wao akaniambia kwamba hata mijini watu walitoka katikati, na wale yowe hawalijui. Nimelifikiria sana jambo hilo. Waliona kijiji ambacho hakuna anayemhurumia mwenzake, sasa mtazamaji aliyelipa kiingilio amhurumie nani? Pesa yote ilikwenda kwenye moshi na mlio, watu wakasahauliwa.

Na ya kwako nimeiona, tena yote. Yale magari ya kukodi yalinichosha, sikufichi. Lakini pale yule binti wa kijiji cha Robanda anapokuta tembo wamemaliza shamba, halafu anaanza kuyasimamisha mabua yaliyovunjika ili mama yake asiyaone, pale nililia. Mama yako mkubwa naye alilia, ingawa atakukatalia. Ni dakika chache tu, na hukukodi kitu. Mtu aliyeweza kutengeneza zile dakika hajashindwa, amekosea mahali pa kuweka nguvu.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Kamera usiuze. Hadithi inayofuata, kabla hujatafuta gari wala ndege, nenda uwasimulie akina mama wanapopumzika na majembe yao. Wakikuuliza ikawaje, endelea. Wakianza kuongelea bei ya mahindi, rudi nyumbani uandike upya, na usiwakasirikie. Na siku unapiga picha, ukiona mtu anasita kufanya ulichomwambia, simamisha kazi umuulize anajua nini ambacho wewe hukijui. Mimi hakuna aliyeniuliza, na ningemjibu.

Mungu akupe masikio kabla ya kukupa vifaa. Akupe subira, akulindie mikono hiyo, na siku moja nikae kwenye ukumbi wako nikose pa kuweka miguu.