Mufalme wa Chini ya Ziwa Alipiga Magoti Mbele Yangu

Kwanza mujue ni nani anaandika. Mimi ni muntu wa boti. Zile boti za mbao zenye rangi ya bluu zinazopakia hapa Kalemie kwenda Moba ni zangu, na hakuna muntu aliyenipatia hata musumari. Masomo niliyaacha katikati ya shule ya musingi, minerval, ndiyo karo, ilikosa. Nikaenda kubeba magunia bandarini, na kwa mugongo huu huu nikajinunulia pirogi ya kupiga kasia, kisha boti, kisha depo ya mafuta karibu na soko. Leo wenye diplome wananiita Patron, na mimi ninaitika. Sisemi haya kwa kujisifu. Na hata nikijisifu, nani atanikataza?

Katika mutaa wetu kuna muzee mumoja niliyemuchukia maisha yangu yote ya utu uzima. Nilikuwa ninaamka ninamuchukia kabla ya kunywa chai. Kila boti niliyoingiza majini niliipitisha kwanza mbele ya nyumba yake, juu ya gari, hata kama njia ya mukato ilikuwepo.

Sababu ni hii. Nilipokuwa bado mubebaji nilimupenda binti yake. Kwetu kijana anayetaka kuoa haendi mikono mitupu. Anakwenda na wajomba zake na kasha la bia, wanaliweka katikati ya nyumba. Wakifungua chupa moja, umekubaliwa, mazungumuzo ya mali ya ndoa yaanze. Wasipofungua, kasha linarudi. Familia zenye adabu hulirudisha jioni, kimyakimya, kwa mulango wa nyuma, ili kijana asipate haya. Lakini yule muzee, wakati ule alikuwa karani wa gari-moshi, muntu wa soksi nyeupe. Alilitazama kasha langu, akawatazama wajomba zangu, kisha akaniambia mimi, jua likiwa kali kabisa:

"Kijana, wewe si njo mubebaji? Beba."

Nikabeba. Kutoka kwake hadi kwetu ni kupita soko zima, na chupa zilizojaa zikigongana juu ya bega zinaongea kuliko kengele. Kila aliyesikia alijua ni nini kimetokea. Wamama wanaouza ndagala, wale samaki wadogo, waliacha kupima.

"We bwana harusi!" mumoja akaniita. "Shusha basi, tukusaidie kunywa!"

Soko lote likacheka. Wajomba zangu wakaongeza mwendo, wakaniacha nyuma na kelele yangu.

Binti akaolewa Lubumbashi na mwalimu. Mimi nikaoa mwanamuke muzuri, tuna watoto, kwa mambo ya mapenzi sina kidonda. Lakini lile kasha sikulitua.

Sasa, mwaka juzi kiongozi wa kwaya ya parokia, kijana ambaye kichwa chake kinachemuka muda wote, akatunga muchezo murefu kwa ajili ya sikukuu. Ulikuwa muchezo wa nchi ambayo haipo. Chini ya ziwa kuna ufalme, wenye nyumba za mawe na barabara zinazong'aa kama tumbo la samaki. Milima ya upande wa Kigoma inatembea usiku na kurudi asubuhi. Kuna nyoka anayekunywa ziwa, kila akivuta pumzi maji yanashuka na pirogi zinabaki kwenye matope. Mufalme anatafuta wa kwenda kumuua, wote wanakimbia, na kura inamuangukia muvushaji mumoja ambaye hataki. Anajificha ndani ya kitunga cha samaki. Anauza mukuki wa mufalme apate pombe. Anadanganya kwamba amekwisha kufa. Mwishoni anakwenda, akilia.

Huyo kijana wa kwaya alinikuta depo.

"Patron, tunaomba uwe shujaa wetu."

"Mulikuwa na shujaa. Ameenda wapi?"

"Amepata kazi Manono."

"Mimi maneno marefu ya kukariri siwezi."

"Shujaa wetu naye hawezi! Ni muoga, ni mulevi, anasema uongo, kila kitu anakataa. Tukakaa, tukatafuta mutaa muzima, tukaona wewe..." Akameza mate.

"Mimi nini?"

"Una sauti, Patron."

Muke wangu alikuwa nyuma ya pazia, nikamusikia: "Sauti peke yake?"

Nikakataa. Akarudi, nikakataa tena. Muntu mwenye boti anafanya nini kwenye michezo ya kwaya? Alipokuja mara nyingine, nilimuuliza tu kwa kumusindikiza, mufalme atakuwa nani.

"Yule muzee wa gari-moshi. Ndevu anazo tayari, hatutafuti pamba."

Nikaweka kalamu chini.

"Na shujaa anamufanya nini mufalme?"

"Akirudi kutoka kumuua nyoka anamuvua taji. Mufalme anapiga magoti, anaomba samahani kwa sababu alimutuma kufa na yeye amekaa. Halafu shujaa anamuinua, anamurudishia taji, wanakumbatiana. Watu watalia, Patron."

"Anapiga magoti kweli?"

"Ni muchezo. Lakini magoti ni magoti."

"Mazoezi ni lini?"

Nilikwenda mazoezi yote. Sikukosa hata wakati boti ilikuwa inapakia. Yule muzee alikuwa ananisalimia vizuri kabisa: "Patron, ziwa linasemaje?" Ananiwekea kiti. Jambo hilo liliniunguza kuliko tusi, maana nilifikiri amesahau. Mimi nimebeba kasha miaka yote, yeye amelisahau kama vile muntu anasahau alichokula jana! Na kila tulipofika pale pa magoti, alikuwa anagusa mapaja na kusema, "Hapo turuke. Magoti yangu ninayaweka kwa ile siku." Nikasema moyoni: weka, Papa. Weka vizuri.

Siku ya sikukuu, baada ya misa, ukumbi wa parokia ulijaa mpaka watu wakaning'inia madirishani. Nyoka alikuwa ni turubai la kufunikia mizigo la boti yangu, limepakwa rangi ya kijani, na ndani yake wapiga ngoma wawili wanene. Nilipojificha ndani ya kitunga watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Nilipouza mukuki, mama mumoja akapiga kelele, "Ile njo tabia yake kweli!" Niliwaacha wacheke. Kicheko chao hakikunihusu. Nilikuwa ninasubiri.

Nikamuchoma nyoka, akagaagaa, akalala. Nikapanda kwa mufalme. Taji lilikuwa la katoni na karatasi ya rangi ya zahabu. Nikalivua kutoka kichwa chake mbele ya watu wote, na yeye akashuka, goti moja, akashika kiti, goti la pili. Nilisikia mifupa yake. Sitadanganya hapa: ilikuwa sauti tamu.

Alipofungua mudomo kusema maneno yake, nilimukata.

"Ngoja, muzee. Usiombe samahani ya nyoka. Kuna siku ulimudharau muntu, muchana, soko likiwa limejaa. Sema samahani ya siku ile. Wanasikia wote."

Wenye umri wetu walikumbuka mara moja. Nyuma nikasikia mama mumoja akinong'ona, "Ee! Hii si ya muchezo tena."

Muzee akainua macho, na hapo nikaona kwamba hakusahau hata kidogo. Alikuwa anajua tangu siku ya kwanza ya mazoezi kwa nini nilikuja. Akavuta pumzi, akajibu kwa sauti ya mufalme, ile nene, inayofika mpaka dirishani:

"Samahani ya nini? Ningefungua chupa siku ile, leo ungekuwa wapi? Ungekuwa na binti yangu nyumbani na gunia mugongoni! Ile hasira njo ilikununulia boti. Watu wa Kalemie, muangalie muzuri huyu shujaa. Fundi wake ni mimi!"

Ukumbi ulipasuka. Wanaume walisimama juu ya mabenchi. Wamama wawili, watatu, wakapanda jukwaani na poda, wakamumwagia muzee kichwani, vile tunavyomwagia wanafunzi waliofaulu mutihani wa taifa. Poda ile mimi sijawahi kumwagiwa na muntu. Akawa mweupe mpaka ndevu, bado yuko magotini, anacheka.

Ndani ya nyoka mupiga ngoma mumoja akalalamika: "Papa, maliza basi. Tunaiva huku."

Muzee akaninyooshea mukono. Maneno haya niliyasikia mimi peke yangu:

"Sasa niinue, mwanangu. Magoti yanauma."

Nilisimama na taji mukononi. Wengi wameniuliza nilikuwa ninafikiri nini, nimewajibu ovyo, lakini hapa nitasema. Nilifikiri: huyu muntu ni muongo. Nilibeba mimi, nililala njaa mimi, mawimbi ya Moba yalinitapisha mimi. Kisha nikafikiri: na kama si muongo? Kama amesema kweli, basi hata hasira yangu si yangu, ni yake, alinipatia bure muchana ule, na boti zote za bluu ni watoto wake. Muntu anaweza kusamehe aliyemunyima kitu. Aliyekunyima, halafu akadai kwamba alikupa, unamusamehe kwa mulango gani?

Mukono wake ukabaki hewani. Nikaweka taji juu ya kichwa changu mwenyewe, nikapita kando yake, nikaketi kwenye kiti cha mufalme.

"Patron, hapana!" kiongozi wa kwaya alinong'ona kwa nguvu kutoka pembeni. "Kumbatia! Kumbatia!"

Sikumutazama. Watu walianza kupiga kelele, wengine walifikiri ni sehemu ya muchezo, wengine walinitukana kwa jina la baba yangu. Mwishoni wale wamama wenye poda walimushika muzee makwapani, wakamuinua, wakamutoa nje kwa wimbo, na ukumbi wote ukamufuata. Nyoka akaamuka, akatokwa na wanaume wawili wenye jasho, nao wakakimbilia wimbo.

Muke wangu akaja mbele ya jukwaa na mukoba wake.

"Unakuja?"

"Nimekaa."

"Ninaona," akasema, akaondoka.

Wimbo ulishuka barabara ya Lukuga ukawa mudogo. Taji lilikuwa linabana, muzee ana kichwa kidogo kuliko changu. Kisha akaingia mutunza kanisa na ufagio, akafagia poda, akafika miguuni pangu, akasimama.

"Patron, samahani. Kiti ni cha padri. Anakihitaji kwa chakula."

"Mwambie padri atafute kingine," nikamujibu, na sikuinuka.