Mkanda Ulipopona, Moto Ukabaki

Mektilda, ambaye wateja walimwita Mama Hope, alipougua mkanda wa jeshi, majirani zake wa Nangara walimpa pole hadi vipele vilipokauka. Baada ya hapo wakamwambia amepona, naye akaamini. Akafungua tena kibanda chake cha ushonaji karibu na soko la Babati, akafuta vumbi kwenye cherehani, akaketi. Hapo ndipo alipogundua kwamba vipele vimeondoka lakini moto umebaki. Ulikuwa ubavuni kushoto, kuanzia chini ya titi hadi mgongoni, na kilichouamsha hakikuwa kazi nzito. Kilikuwa ni nguo. Gauni likimgusa tu, alihisi kama amepitishiwa pasi ya mkaa.

Fundi wa nguo asiyeweza kuvumilia nguo! Alishona akiwa amejipinda upande mmoja, akasimama, akaketi, akatoka nje, akarudi. Nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Alianza kupepeta mchele akauacha, akashika ufagio akauacha. Mume wake, Sosthenes, mkulima wa mbaazi asiyependa maneno mengi, ndiye aliyempeleka hospitali.

Daktari Aminiel alimsikiliza mpaka mwisho. "Ugonjwa ule umejeruhi mishipa ya fahamu," alimwambia. "Panado haiwezi maumivu ya namna hii." Akamwandikia amitriptilini, kidonge kimoja kidogo kila jioni. "Usitegemee nafuu kesho, mama. Itachukua wiki kadhaa. Na usiongeze dawa nyingine yoyote bila kuniuliza."

Mektilda aliitikia, ila kilichomkaa kichwani ni zile wiki. Mezani kwake kulikuwa na kitambaa cha gauni la Ritha la sendoff, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, na siku yenyewe ilikuwa inakaribia. Mama yake Ritha, Dorothea, alikuwa mtu wa ofisini aliyehamia Babati kutoka Moshi, na alikuwa amewapita mafundi wengi mjini akamchagua yeye.

Dawa ilimkausha mdomo na kumpa usingizi mzito. Mchana, moto ulikuwa pale pale.

Siku moja shemeji yake, Valence, alipita kibandani. Alikuwa mdogo wake Sosthenes, aliyevunjika mguu machimboni akarudi kuishi Bonga. Alimkuta Mektilda amelishika gauni lake kwa vidole, amelivuta mbali na ubavu.

"Shemeji, unateseka bure," alisema, akatoa pakiti mfukoni. "Mimi nilipowekewa chuma mguuni nilipewa hizi. Tramado. Ukimeza, dunia inanyamaza."

Mektilda alimeza. Kweli, dunia ilinyamaza. Alishona mchana kutwa huku anaimba nyimbo za kwaya, na jioni akameza kidonge cha daktari kama kawaida. Kesho yake akarudia. Moto ulipoanza kurudi mapema, akaongeza, kisha akaongeza tena.

Ndipo hali nyingine ikamjia, na hii haikuwa ya ubavuni. Ilikuwa mwili mzima. Mguu wake ulirukaruka wenyewe juu ya pedeli ya cherehani. Jasho lilimtoka na upepo wa baridi unavuma. Tumbo likamwendesha, moyo ukamwenda mbio, na kila sauti ya sokoni ilimkera kama tusi. Alijiambia ni haraka ya kazi, kisha akajiambia ni malaria. Akameza tramado nyingine, akashika mkasi.

Dorothea aliingia kukagua gauni akakuta kitambaa kimekatwa vibaya kifuani, mkato wa kupinda usiorekebishika. Mektilda alikuwa amesimama na mkasi unamtetemeka mkononi.

"Mama Hope, umefanya nini?"

"Sijui. Mkono haunisikii. Nisamehe, mama, mimi..."

Dorothea alikuwa amekwisha fungua mdomo wa kugomba. Akamtazama usoni. Mboni za macho zilikuwa zimetanuka, na blauzi imelowa. Alimgusa paji la uso. "Unachemka! Weka mkasi chini." Akatoka nje kuita bajaji.

Hospitalini, Daktari Aminiel alimpima mapigo ya moyo, akagonga goti lake, na mguu ukaruka kupita kiasi.

"Unatumia nini zaidi ya dawa niliyokupa?"

"Hakuna."

"Mama, sikukamati. Nataka kukutibu."

Mektilda alitazama mlango. Kumtaja Valence aliona ni kama kumshtaki. Lakini taya zake zenyewe zilikuwa zimeanza kutetemeka, na woga ukashinda aibu. "Tramado," alisema. "Za shemeji yangu."

Daktari alishusha pumzi. "Kila moja peke yake ni dawa. Zikikutana mwilini zinachochea kitu kile kile kwenye ubongo, mpaka kinazidi. Ndiyo maana hutulii. Ungeendelea, ungeweza kupata degedege, hata kufa."

Zote mbili zilisimamishwa. Alitundikiwa dripu, akapewa dawa ya kumtuliza, akalazwa hadi mtetemo ulipoisha. Sosthenes alipopata habari alisema atamvunja mdogo wake mguu wa pili.

"Muache," Mektilda alimwambia kutoka kitandani. "Alinipa kwa huruma. Aliyeonywa na daktari ni mimi."

Gauni la Ritha lilishonwa na fundi mwingine, kwa kitambaa kingine. Mektilda alihudhuria sendoff akasimama nyuma, na Dorothea akamfuata huko huko na sahani ya pilau.

Daktari alimwanzishia dawa nyingine ya mishipa, gabapentini, kidogo kidogo. Safari hii Mektilda, Sosthenes akiwa pembeni yake, alitaja kila kitu bila kusubiri kuulizwa. Alitaja vidonge vya kutafuna vya kiungulia, akaambiwa avitenganishe na dawa hii kwa saa mbili. Alitaja hata mizizi ya kuchemsha aliyoletewa na shangazi yake kutoka Dongobesh, ambayo Sosthenes alikuwa haijui kabisa.

"Hiyo iache kwanza," daktari alisema, na Sosthenes akamgeukia mkewe kwa mshangao.

Moto haukuisha. Ulipungua, na siku nyingine ulirudi bila hodi.

Valence alipokuja kuomba msamaha, alikaa ukingoni mwa kiti, anageuza kofia yake mikononi. Mektilda alimmiminia chai.

"Shemeji, mguu wako si ulishapona? Mbona unatembea na pakiti mfukoni?"

Valence aliufunika mfuko kwa kofia. Aliaga chai yake ikiwa haijaguswa.

Siku ya kliniki iliyofuata alimkuta Mektilda kwenye benchi la hospitali, akakaa pembeni yake bila kusema amefuata nini, mkono ukiwa juu ya ile pakiti mfukoni. Aliinuka, akaenda hadi mlangoni, akarudi. Mektilda alimpisha akae tena. Muuguzi alipoita jina la Mektilda, Mektilda alimshika Valence mkono, wakaingia kwa daktari wote wawili.